Barabara ya Utange na Njia ya Jeneza

Wenzangu mnaobaki ofisini, siku ile ya chai ya kuniaga mliniambia niandike jinsi tulivyofanya kazi zamani, maana ninyi mmeikuta kompyuta mezani na mimi niliikuta fimbo ukutani. Nilikubali kwa kuwa nilidhani mtu akiandika jambo mpaka mwisho atalielewa. Nimefika mwisho na bado sijaelewa. Nawapa hivyo hivyo, kwa sababu jambo lenyewe sasa liko mezani kwenu.

Mimi ni mzaliwa wa kwanza. Baba alifariki, na kabla matanga yake hayajasahaulika mama naye akafuata. Tuliwazika bara, Kaloleni, tukarudi Utange watatu: mimi, Charo na Kadzo, aliyekuwa bado hajaanza shule. Tuliachiwa nyumba ya udongo na makuti, basi. Ardhi chini yake ilikuwa ya watu wengine, kama ilivyo kwa nyumba nyingi huku kwetu: nyumba yako, kiwanja cha mwenzio, na mnazi ulio uani una mwenyewe wa tatu. Shule niliiacha, nikaenda Kongowea kusukuma mkokoteni ili hao wawili wasome.

Kongowea ndiko nilikoanza kazi ya mipango miji, ingawa sikujua. Lori la viazi kutoka bara likizibiwa njia langoni, viazi vinaoza na mji mzima unapika wali. Baadaye nilikuta wameandika kwa Kiingereza, kurasa nyingi, kwamba mahali pa kuuzia na njia ya kufikia visipangwe mbalimbali. Sisi wa mikokoteni tulikuwa tukilisema kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Siku moja watu wa ofisi ya mipango walikuja sokoni kutazama malori yanavyoingia na kutoka, na kupima upana wa lango. Mkubwa wao alikuwa mzee wa Kimvita, mwembamba, kofia ya vito kichwani na miwani imefungwa uzi. Alikuwa Mwinyi Shee, fundi wa upimaji, ambaye baadhi yenu mliwahi kumkuta. Alihitaji mtu wa kushika fimbo. Akapita mikokoteni yote, akasimama kwangu.

"Jina lako nani?"

"Karisa."

"Na shikamoo yako umeiacha nyumbani, Karisa?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Shika hapa. Isilale kushoto, isilale kulia. Leo wewe si mtu, u fimbo."

"Na nikiwashwa?"

"Fimbo haiwashwi."

Nikasimama hivyo kutwa. Jioni nilimwuliza kwa nini alinichagua mimi. Akasema wengine wote walikuwa wameegemea mikokoteni yao. Sikumwambia kwamba wangu ulikuwa na gurudumu bovu na haukuegemeka. Tangu siku ile nilikuwa wake.

Fimbo yenyewe ilikuwa ya mbao, imepakwa nyekundu na nyeupe, na nyuma ilikuwa na kichupa cha maji chenye povu. Povu likikaa katikati, umesimama wima. Tulikuwa pia na utepe wa chuma uliokata vidole, vigingi, nyundo, na mkebe wa rangi nyekundu ya kuwekea alama ya msalaba kwenye kuta zinazopaswa kubomolewa. Mwinyi Shee alinifundisha kwamba kabla hujaweka alama kwenye ukuta, unabisha hodi, unasalimu, unaulizia hali za watoto. Rangi, alisema, haiwezi kuondoa baya ulilolianza kwa mdomo.

Nimefanya kazi pande zote za bara ya Mombasa. Changamwe nilipima mitaa ambayo kwenye ramani ni ya makazi, na kila mlango una tela la kontena limeegeshwa, watoto wanacheza chini yake. Upande wa Likoni tulipima stendi nzuri, ikajengwa na paa lake, na abiria hawakuiona mpaka leo. Wao walikuwa na kona yao penye kivuli na muuza viazi karai, hawakuona sababu ya kuhama. Stendi ile wameipokea mbuzi kwa shukrani.

Kwa nini mambo yalikwenda hivyo, sababu moja naijua. Chumba cha ardhi na chumba cha barabara vilikuwa ukumbi mmoja, milango inatazamana, na havikuamkiana. Mmoja alipanga watu wakae wapi, mwingine alipanga magari yapite wapi, na kila mmoja alikuwa na ramani yake. Kisha alikuja mpangaji mpya wa miji kutoka Kisumu, Madamu Akinyi, mwanamke mwenye sauti ya chini na hatua ndefu. Wiki ya kwanza alizichukua ramani zote mbili, akazichora kwenye karatasi nyembamba zinazoonesha, akaziweka moja juu ya nyingine dirishani. Barabara moja ilipita katikati ya shule. Soko moja halikuwa na njia yoyote.

"Karisa, hii imekuwaje?" aliniuliza.

"Sijui, Madamu."

"Mwinyi Shee?"

"Wallahi hata mimi najiuliza," alisema Mwinyi Shee. "Lakini zote mbili zimepimwa sawasawa."

Ndipo meza ikawa moja. Na kazi kubwa ya kwanza ya meza ile ilikuwa Utange, kwetu.

Utange ilikuwa imejaa. Watu waliotoka kisiwani kwa kushindwa na kodi, waliotoka bara kutafuta kibarua, wote walijenga. Mitaa ya juu haikuwa na barabara ya kuiunganisha na barabara kuu ya Malindi. Mgonjwa alitolewa kwa mkokoteni. Madamu Akinyi alitaka barabara moja ya kupanda mpaka juu, na kando yake zahanati, shule na maduka, ili mtu asipande gari kutafuta chumvi. Akachora mstari. Mstari ulipita juu ya nyumba yetu.

Nilimwambia siku ileile. "Madamu, nyumba hii ni yetu. Dada yangu Kadzo yumo, na watoto wake, nami nimo."

Akaweka kalamu chini. "Unataka nikutoe kwenye kazi hii?"

Nilifikiri. Nikiondoka watasema nimekimbia, nikibaki watasema nimepinda fimbo. Sikuona tofauti. Nikabaki.

Alama ya msalaba niliiweka mwenyewe. Nilibisha hodi nyumbani kwangu, nikasalimu. Kadzo alitoka na mwiko mkononi. Wakati ule alikuwa akipika mahamri na mbaazi za kuuza hapo mlangoni, na bado anapika. Alinitazama nikipaka mpaka nikamaliza.

"Umeandika vizuri, kaka," alisema. "Ungemalizia na jina la baba kabisa."

Nilimwambia watu watafidiwa. Akaniuliza nani, mwenye nyumba, mwenye kiwanja au mwenye mnazi. Swali hilo tulikuwa tumelipata kila mlango. Ukiuliza mwenyewe ni nani, wanatoka watu watatu, na kila mmoja anasema kweli. Kadzo akaingia ndani. Ile ndiyo nyumba niliyomlelea. Humo nilimfundisha kuwasha moto, na humo alinisomea barua nilizoletewa za Kiingereza. Hatukuwa na kitu kingine cha kuonesha kwamba tulikuwa na wazazi.

Kisha likatokea jambo la mazishi.

Tulikuwa tukipima upande wa juu wa mtaa, karibu na msikiti. Mzee mmoja alikuwa amefariki, na mara tukasikia wanakuja. Kwa wasiojua: Waislamu hapa hawazikii kwenye sanduku. Msikiti una jeneza lake, kama kitanda cha miti chenye mikono, maiti hulazwa humo na wanaume hulibeba mabegani, pande zote mbili, wakipokezana mbio mbio. Kila mwanamume njiani huingia chini yake hatua kadhaa, hutoka, mwingine huingia. Mwinyi Shee aliweka chombo chake chini, akavua miwani, akaingia. Madamu Akinyi alijifunika kitambaa, akafuata kwa mbali. Mimi nikafuata nyuma yake na fimbo begani, kwa kuwa sikujua niiweke wapi.

Tulishuka mtaa mzima. Wenyewe mnajua Utange ilivyo: ukuta kwa ukuta, kona kila mahali, mtu akibeba godoro anapita kwa ubavu. Lakini jeneza halikusimama hata mara moja, wala halikulala ubavu, kutoka msikitini juu mpaka makaburini chini, karibu na barabara kuu.

Akinyi alimwuliza Mzee Athumani, jirani yetu, seremala, aliyekuwa akirudi mazikoni, jeneza limepitaje bila kugonga ukuta. Mzee Athumani aliona swali la ajabu.

"Si ndiyo njia yake," alisema. "Mtu akijenga hapa, twamletea jeneza la msikiti, tupu. Watu washika huku na huku, wapitisha. Bega la mtu likigusa ukuta, ukuta warudi nyuma. Mimi mwenyewe nalikata ukuta wangu mara mbili."

"Mara mbili kwa nini?"

"Mara ya kwanza walileta watu wembamba."

Nilikuwa nimekaa mtaa ule tangu utoto, na nilidhani ule ni uwazi tu. Maiti zetu sisi huenda bara kwa gari. Sikuwahi kuuliza kwa nini kuta zile zimekaa mbalimbali.

Akinyi alirudi mezani, akafuta mstari wake. Barabara akaipitisha palepale penye njia ya jeneza, kwa kuwa palikuwa wazi tayari. Nyumba za kubomolewa zikapungua sana. Za kubomolewa zilibaki baraza za mbele tu, yale mabenchi ya mawe ambayo watu hukaa jioni, na kuta chache. Baraza ya Mzee Athumani ilikuwa ya kwanza kwenda. Nyumba yetu, iliyokuwa safu ya nyuma, ikapona.

Nilifurahi. Furaha ilikaa mpaka siku ya mkutano wa wananchi. Ofisi yetu ilipenda mikutano ya kushirikisha umma, na umma ulishirikishwa soda na mkate. Akinyi alieleza mstari mpya vizuri. Mzee Athumani akanyanyua mkono.

"Bibi mkubwa, nimeelewa. Baraza yangu yenda. Ya Hamisi yenda. Nyumba ya mshika fimbo ilikuwa na msalaba mwekundu, leo imepona. Mashaallah. Nasema tu fimbo hii ina macho."

Watu walicheka. Akinyi akasema mstari ameuchora yeye.

"Simlaumu mtu, mwanangu," Mzee Athumani alisema. "Nasifu fimbo."

Tangu hapo, nikimpa shikamoo, alijibu marahaba kwa kuutazama ukuta. Hakuwahi kuacha kujibu, alikuwa mtu wa adabu. Lakini marahaba ile ilikuwa ya ukuta. Nilimwuliza Mwinyi Shee nifanye nini. Akaniambia nisimame wima. Nikamwambia nimesimama. Akasema basi hana dawa nyingine, na mwaka ule akastaafu.

Barabara ilijengwa. Iliinuliwa juu ili mvua isiikate, na kila upande ukachimbwa mtaro wa kina kirefu. Magari yakapanda, zahanati ikafunguliwa, mama mjamzito akatoka nyumbani kwa gari. Hayo ni mema na nimeyaona kwa macho yangu. Nyumba za mbele zikawa maduka. Kila mwenye duka alijitengenezea slabu yake ya kuvuka mtaro, upana wa mteja mmoja aliyekuja kununua sukari. Na wateja wa Kadzo, ambao zamani walipita kwetu, sasa walipita mbele.

"Ulituokoa, kaka," aliniambia, "ukatuweka uani."

Alama yangu alikuwa ameipaka chokaa mara kadhaa. Mvua ikinyesha ilirudi.

Nilipokuwa nimeiwekea nyumba msalaba Kadzo alikasirika, nyumba ilipopona alinuna. Mzee Athumani alipoteza baraza akapata duka, na aliyeudhika ni yeye. Nilikuwa nikilala nikihesabu nani kapata na nani kakosa, na kila nikihesabu jibu lilikuwa jingine.

Mzee Athumani alifariki siku ya Jumapili, nami nilikuwa nyumbani. Msikiti ukaleta jeneza. Kuliingiza tupu, watu walilipitisha juu ya mtaro kama ngazi. Kulitoa na maiti ndipo mambo yalipokwama. Wabebaji wako pande mbili, na slabu ni ya mtu mmoja. Walijaribu ya dukani kwake, wakajaribu ya jirani. Mguu wa mmoja uliteleza, jeneza likayumba, wanawake wakapiga ukelele ndani. Tulikuwa tumepima barabara nzima, urefu, upana na mteremko, na hakuna aliyepima mtu atatokaje mlangoni mwake kuifikia.

Mtu mmoja akasema liletwe lori mpaka ukingoni, maiti ipokewe kwa mikono.

"Babangu hatoki kwake kama gunia la viazi," alisema mwanawe mkubwa. Hakupaza sauti. Lori halikutajwa tena.

Kilichobaki ni mlango wa nyuma. Na nyuma ya nyumba ya Mzee Athumani ni ua wetu: wigo wa makuti wa Kadzo, na jiko lake la nje, masufuria ya mbaazi juu ya moto. Watu walisimama upande wa pili wa wigo bila kubisha hodi. Nadhani waliona haya, kwa sababu ya ile marahaba ya ukutani. Nami niliona haya kuwaita.

Kadzo akachukua panga. Nilidhani anakwenda kukata kuni. Alikata kamba za wigo, akauangusha upande mzima, akaepua masufuria, akazing'oa nguzo za jiko lake moja moja. Makuti yalianguka juu ya moto, nikayavuta.

"Shemeji zangu, pitisheni," aliwaambia. "Kuna moto hapo, tazameni miguu."

Wakapita. Nami niliingia chini ya jeneza, bega la kushoto. Mtu huyu hakunitazama usoni tangu siku ya mkutano, na sasa nilikuwa nimembeba. Sijui nilikuwa nimesimama wima au nimeegemea. Sikuwa na kichupa cha maji cha kunionesha.

Kadzo hakuurudisha wigo. Wiki chache baadaye wazee wa msikiti walikuja kwetu na jeneza, tupu.

"Jeneza tupu mlangoni kwangu asubuhi yote hii?" alisema Kadzo. "Kuna mtu mnamngoja?"

"La, mama. Twapima tu. Ikiwa wewe waridhia."

"Nimeridhia. Lakini pimeni upesi, kabla halijanizoea."

Wakaniita nisimame upande mmoja, mwana wa Mzee Athumani upande wa pili. Tukapitisha. Bega langu likagusa pembe ya nyumba, ileile pembe yenye alama nyekundu. Nilichukua nyundo nikaikata mwenyewe, udongo ukaanguka, na nusu ya msalaba ikaenda nao. Nyumba iliyookoka barabara ilikatwa kwa sababu ya watu wanne na kitanda cha miti, na Kadzo alikuwa akicheka. Nyumba nyingine za safu ya nyuma zikafuata. Mmoja alisogeza choo, mwingine alikata ukuta. Hakuna mkutano ulioitishwa, wala soda. Sasa njia ya jeneza inashuka tena, safari hii nyuma ya nyumba, mpaka makaburini.

Na ndipo nafika kwenu. Wiki yangu ya mwisho kazini, kijana wenu mpangaji, ambaye ni mtu mwema na simsemi kwa ubaya, aliniita kwenye kompyuta. Barabara ya Utange imejaa, magari hayaendi, na mnatafuta nafasi ya barabara ya pili. Alikuwa na picha zilizopigwa na ndege ndogo. Alikuwa amefurahi sana.

"Mzee Karisa, angalia hii line. Iko wazi kabisa kutoka juu mpaka chini. Hatubomoi mtu. Hapa ni nini?"

"Njia," nilisema.

"Ya nani?"

Nikisema ni ya jeneza, ataniambia ndiyo vizuri, iko wazi. Nikisema iacheni, fimbo ina macho. Mkiitwaa, watu watakata nyingine nyuma yake, na siku moja picha itaionesha nayo ikiwa wazi. Nilimwambia tu kile ninachokijua kwa hakika, yaani sentensi ileile niliyomwambia Madamu Akinyi: "Nyumba hii ni yetu. Dada yangu yumo." Akanishukuru, akaiandika pembeni.

Nilipowaambia nyumbani, Charo alikuja kutoka Changamwe na pikipiki imebeba makuti mapya. "Zibeni," alisema. "Rudisheni wigo. Ndege ikipita tena isione kitu."

Nilimtazama Kadzo. Kusema kweli, sikujua nataka ajibu nini.

"Na maiti ipite wapi?" aliuliza.

"Dada, hata si maiti zetu."

"Mzee Athumani alipita hapa na moto ukiwaka. Leo nimfungie nani?"

Makuti hayakurudi dukani. Kadzo ameezekea jiko lake jipya, upande mwingine wa ua. Kwa hiyo mkiitazama picha yenu tena mtaona ule mstari mweupe, uko wazi vilevile, na kando yake paa dogo jipya. Hilo ni jiko. Njooni kwa miguu, mpitie huko huko nyuma. Asubuhi mbaazi huwa tayari. Bisheni hodi, msalimu, muulizie watoto. Mkikuta jeneza linapita, wekeni vyombo chini kwanza na muingie. Mkishatoka, mkiwa mmeelewa mahali barabara inapofaa kupita, nami nitakuwa nimekaa pale nje, naomba mniambie.